Kabla hujapewa taarifa ya habari

Mdogo wangu, wiki iliyopita ulinisimamisha mlangoni mwa studio ukaniuliza ni lini utapewa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilikujibu mkato kwa sababu nilikuwa nawahi zamu. Leo nina nafasi. Nakujibu kwa urefu, na wenzako mlioingia pamoja wasome.

Utaanza na matangazo ya vifo. Najua si hicho kilichokuleta. Hata mimi mwaka 2001, nikitokea kwenye ushabiki wa kadi za salamu, nilidhani nimeonewa. Nilikuwa nimeshajichagulia na jina la hewani. Mkuu wa vipindi akanikabidhi faili la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akaniambia mshahara wangu umo humo.

Mwaka uliofuata nikaua mtu. Karatasi ililetwa na kondakta wa daladala, imekunjwa mara nne. Mzee mmoja wa Sengerema alikuwa anatangaza kifo cha kaka yake aliyefia Geita. Mimi nikasoma haraka haraka, maana baada ya hapo kulikuwa na kipindi cha muziki nilichokipenda, nikageuza majina. Mtangazaji wa msiba akawa marehemu, marehemu akawa mfiwa. Jioni ndugu zao wa Misungwi wakavuka na kivuko, wamebeba mahindi na blanketi, wanalia jina la mtu ambaye alitoka ndani kuwapokea. Shangazi mmoja alizimia pale pale uani.

Kesho yake mzee akaja kituoni na fimbo yake. Akasalimia mlinzi, akasalimia mhasibu, akasalimia fundi mitambo, kisha akasema, “Nimekuja kumwona aliyeniua.” Hakunipiga. Alitaka tangazo lirudiwe saa ile ile, na sauti ile ile. Tuliliweka hewani siku tatu mfululizo, bure, na kila nilipolisoma alikuwa nyumbani kwake anasikiliza. Najua, kwa sababu siku ya tatu alipiga simu kusema sasa amefufuka vizuri.

Tangu hapo kila karatasi ya msiba naisoma mara mbili kabla ya kuingia studio, jina la marehemu nalipigia mstari kwa penseli, na namba iliyoandikwa chini naipigia. Aliyeileta namwomba anitamkie majina kwa mdomo wake. Hili la mwisho usilidharau. Huku kwetu Usukumani kuna ng’ na kuna ng, na nh ya Mwanhuzi ina pumzi ya puani ambayo kwenye kitabu huipati. Bibi mmoja wa Magu aliwahi kupiga simu baada ya mwenzetu, kijana mzuri tu aliyekulia Dar es Salaam, kumsomea tangazo la mumewe. “Huyo uliyemtaja simfahamu,” akasema, akakata. Kijana alilia chooni. Baadaye alijifunza hayo majina kuliko hata sisi wazaliwa.

Wengi mnaiga sauti za redio za Dar. Mnavuta maneno, mnacheka kabla ya utani kufika. Sikukatazi, kila mtu alianza kwa kuiga mtu. Ila ujue anayekusikiliza saa kumi na moja alfajiri ni mama anayekaanga maandazi stendi, mikono imejaa unga, hawezi kubadilisha stesheni hata ukimchosha. Mwambie saa. Mwambie tena baada ya dakika tano. Zamani tulimwambia na foleni ya kivuko cha Busisi ikoje. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 habari ile imekufa, nami bado asubuhi ulimi unaitafuta.

Zamu ya usiku watu wanaikimbia. Mimi nimeifanya miaka kumi na moja na sijutii. Wasikilizaji wake wakubwa wako majini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Kwa hiyo mtangazaji wa usiku huku Ziwa Victoria anatakiwa ajue mwezi una siku ngapi. Siku za giza simu hazipigwi kabisa, ukidhani huna wasikilizaji, kumbe wako kwenye mitumbwi mbali na visiwa vya Kome na Maisome, redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Siku za mbalamwezi wote wanakupigia kwa pamoja, na wote wana maoni kuhusu muziki wako.

Hao ndio wanaokufanya usichezee taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Karatasi ikisema upepo mkali na mawimbi, soma kama ilivyo, rudia, usiongeze utani na usipunguze kwa kuogopa kuwatisha. Kuna mtu anaamua kusukuma mtumbwi au kuuacha kwa maneno yako hayo.

Septemba 20, 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika kisiwa cha Ukara. Simu zililia mpaka mashine ikapata moto. Huyu anasema watu hamsini, yule anasema mia nne. WhatsApp ikaniletea orodha ya majina ya waliokufa, imepangwa vizuri kabisa, haijulikani imetoka kwa nani. Bosi wangu wa wakati ule alitaka tuisome, na sitamlaumu. Kila kituo kilikuwa kinakimbizana. Nilimwomba tusubiri viongozi wa mkoa. Tukawa tunasoma idadi wanayoitoa wao, na kila tukisoma tunataja saa waliyoitoa, kwa sababu ilikuwa inapanda. Mwisho ilifika 228. Katikati ya hapo, Jumamosi, mhandisi wa kivuko akatolewa akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka. Nilitoka nje ya studio nikaifuta ile orodha kwenye simu bila kuangalia kama jina lake lilikuwamo.

Kuhusu fedha niseme kidogo, maana utaziona mwenyewe. Mshahara wa redio ya mkoani haujengi nyumba. Wengi tumesimama kwa ushereheshaji wa harusi, na si aibu. Bahasha za msimu wa kampeni ni aibu, hata zikiitwa nauli. Mganga anayetaka umsifie dawa inayotibu magonjwa arobaini mwache atafute mwingine. Na cheti kisomee. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilipoleta sharti la stashahada, baadhi yetu tulirudi darasani na miwani, tunakaa na watoto wa rika la wanetu. Mwalimu wa sauti aliniambia napumua vibaya. Alikuwa sahihi.

Jambo moja linaniuma mpaka leo. Miaka ya mwanzo tulirekodi kwenye kaseti, na kaseti zilikuwa ghali. Kila Juni tulikwenda kwenye sikukuu ya ngoma za Wasukuma, Bulabo, pale Bujora, Kisesa, kurekodi ngoma, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule, wazee wanatungiana nyimbo za kupigana vijembe mpaka jua linazama. Tukirudi tunarusha kipande, halafu kaseti ile ile tunairekodia mpira. Wale watunzi wengi wameshazikwa, na matangazo yao ya vifo nilisoma mimi. Wewe una kompyuta. Chochote utakachorekodi kwa mzee, kiandikie jina lake, kijiji na tarehe, ukitunze sehemu mbili.

Yule mzee wa Sengerema alifariki kweli mwaka 2014. Mwanawe alileta karatasi mwenyewe, akaniambia baba aliacha neno kwamba tangazo nisome mimi, kwa kuwa nimeshafanya mazoezi. Nilipigia jina mstari. Halafu nikapiga namba iliyokuwa chini ya karatasi, na simu ikaita mfukoni mwake, tumesimama tunatazamana.