Mwanya kati ya spesa: chomoa pini kwanza, klampu iache

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza visu kwa mkono. Kwenye mpini wa msuka uliofichwa, yaani mkia wa bapa unaozama ndani ya mpini, huweka spesa tatu (vipande vyembamba vya pambo) kati ya kinga, ile ya kuzuia vidole visifike makalini, na kipande cha mpingo: nyeusi, ya shaba, kisha nyeusi tena. Nimetoboa matundu mawili ya pini za milimita 3 ili vipande visihame. Vikiwa vikavu naona vimekaa vizuri, lakini gundi ikishakauka nakuta mwanya mwembamba upande mmoja, pale spesa ya mwisho inapokutana na mpingo. Mara ya pili nikakaza klampu kwa nguvu zote, mwanya ukarudi palepale. Fundi mwenzangu anasema niongeze pini ziwe nne, na mwanya niuzibe kwa vumbi la mbao na gundi ya papo kwa papo. Je, nimfuate?

JIBU: Marahaba. Usimfuate, na usiongeze hata pini moja. Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na kila anayeniuliza ameshaambiwa akaze zaidi au azibe. Hakuna aliyeambiwa atafute mwanya unatoka wapi.

Wako nadhani naujua. Umesema mkavu hauna mwanya, ukiwa na gundi unao. Tundu lako ndani ya mpingo halitokei upande wa pili. Ukilijaza gundi kisha ukasukuma pini inayobana, gundi iliyo chini haina njia ya kutoka. Inakuwa kama maji ndani ya bomba la sindano uliloliziba mdomo: unasukuma, nayo inakurudisha. Ukikaza klampu, inakubali kidogo; ukigeuka kushughulikia jambo jingine, inainua spesa taratibu. Tundu moja likiwa na gundi nyingi kuliko lenzake, mwanya unakaa upande wake.

Dawa yake ni ndogo. Zidisha kina cha tundu milimita 2 kupita mwisho wa pini. Chukua tupa ndogo, piga ubavu wa pini kutoka ncha hadi ncha mpaka upate ukanda bapa mwembamba. Gundi itapanda kupitia hapo. Na ndani ya tundu usimimine gundi, paka tu kwa kijiti.

Ila usiniamini kwa maneno. Panga vipande vikavu bila pini, vibane kwa vidole viwili, viinue mbele ya taa. Mwanga usipopita, nyuso ziko sawa. Rudisha pini, bana kwa nguvu ileile ya vidole, tazama tena. Mwanga ukitokea sasa, pini zina makosa hata kabla ya gundi: ama mojawapo inagota chini ya tundu, ama matundu yameinama. Drili ya mkono huinamisha tundu bila wewe kuhisi, na pini iliyonyooka ndani ya matundu mawili yaliyoinama tofauti huwa kabari. Toboa spesa ya shaba kwanza kwa drili ya kusimama, kisha itumie kama kiolezo cha vipande vingine. Baada ya kutoboa, pitisha kidole mdomoni mwa tundu. Shaba hubakiza ukingo mkali unaotokeza. Ni mdogo kiasi kwamba jicho linaupita, lakini unatosha kunyanyua spesa nzima. Uondoe kwa kuzungusha biti kubwa zaidi mara moja au mbili kwa mkono.

Na mwanga ukipita hata bila pini? Hapo uso wenyewe haujanyooka, na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa sababu ndipo watu wanapoambiwa kwamba gundi itajaza.

Najua wazo hilo linatoka wapi. Tundu la msuka kweli linajazwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Msuka hauwezi kugusa mbao kila mahali, kwa hiyo tunamimina, tunauchezesha juu na chini viputo vya hewa vitoke, na epoksi ikikauka inaushika msuka kwa kuuzunguka pande zote. Mtu akiona hivyo anadhani gundi ni mbao ya maji, inayokaa popote penye uwazi. Kiungo cha spesa ni kitu kingine kabisa. Pale gundi iko pembeni, wazi, haijazungukwa na chochote. Jasho linaifikia, maji ya kuoshea yanaifikia, na mpingo ulio jirani yake unatanuka na kusinyaa kwa unyevu ilhali shaba haijali unyevu. Utando mwembamba kati ya nyuso mbili zilizonyooka unastahimili hayo miaka mingi. Donge lililoziba mwanya linaanza kuachia ukingoni, na likishaachia nywele moja, maji yameshapata mlango.

Kunyoosha uso kunahitaji kioo kinene, msasa namba 120 uliobandikwa juu yake, na penseli. Chora mistari uso mzima wa kipande. Kishike chini kabisa, karibu na msasa, ukivute kuelekea kwako, ukinyanyue, urudie. Usikisugue kwenda na kurudi, maana mkono hukiyumbisha na kingo huwa mviringo. Tazama penseli: ikifutika kingoni ikabaki katikati, una shimo; ikifutika katikati ikabaki kingoni, umeviringisha. Endelea mpaka ifutike yote kwa pamoja, chora tena, rudia. Bamba la shaba lililokatwa kwa mkasi hujikunja kingoni, basi lilaze kwanza kwa nyundo ya mbao. Vaa barakoa; vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Kuhusu klampu: epoksi haihitaji kukamuliwa. Inahitaji nyuso zigusane na zitulie. Ukikaza kwa nguvu zote unaitoa nje, kiungo kinabaki na njaa, na kama mstari wa klampu haufuati mstari wa mpini, mpini mzima unapinda. Pini kazi yake ni kuzuia vipande visiteleze gundi ikiwa bado mbichi. Mbili zinatosha, kwa sababu moja huruhusu kuzunguka na mbili huzuia. Nne ni matundu mawili zaidi ya kukosea.

Una viungo vinne, yaani nyuso nane za kupaka. Epoksi ya dakika 5 itaanza kuganda kabla hujafika kwenye klampu. Tumia ile ya polepole, uiache saa 24. Mpingo una mafuta yake, ufute kwa asetoni na uugundishe mara tu ukishakauka.

Sasa ile dawa ya vumbi na gundi ya papo kwa papo. Naieleza kwa sababu imekuwa biashara. Visu vinauzwa vimeng'aa, mipini laini kama kokwa, na kila mwanya umepakwa rangi ya mbao yenyewe. Aliyenunua hajui. Mteja mmoja aliniletea kisu cha namna hiyo, mpini umeanza kucheza. Nilipoupasua, gundi ya kiungoni ilitoka kwa ukucha, vipande vipande kama magamba. Nyuma yake msuka ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukabaki kama msumari mwembamba, umelowa. Kutoka nje usingeona doa. Aliyekuwa akikitumia alikuwa akikandamiza kiganja chote juu ya kisu hicho kukata mifupa. Msuka kama huo ukivunjika, bapa linageuka na makali yanakutana na vidole vya mtu.

Kwa hiyo, fundi akikuonyesha jinsi ya kuficha mwanya, muulize anaufanyaje usitokee. Akikosa jibu, usimpe kisu chako, na usinunue chake.

Ile mipini yako miwili yenye mwanya usimuuzie wala kumzawadia mtu. Kama msuka umeshagundishwa ndani, pasua mpini uanze upya, maana msumeno ungeukata msuka wenyewe. Kama bado, kata kiungo kwa msumeno wenye meno madogo, pini na zote, utapoteza milimita mbili au tatu za mpingo. Toboa vipande vya pini vilivyobaki ndani uvitoe, nyoosha uso upya kwenye kioo, na safari hii anza na ile taa.