USIKATE HILO BOMBA! Jibu kwa mwenye 504 ya babu, Watamu

Weka grainda chini kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba una Peugeot 504 station wagon ya marehemu babu yako, injini imekufa, na fundi amekupatia injini ya dizeli, Toyota 2L iliyotoka kwenye Hiace, pamoja na giaboksi yake. Amekwambia kazi ni ya siku tatu, kwa sababu "lile bomba la chini tunalikata, tunaweka propela ya kawaida". Kisha ukauliza na mengine: rangi ya lile gari la plastiki unaloliunga na mpwa wako, mambo ya logbook, na mengine sikuyamaliza kusoma. Nilipofika kwenye neno "tunalikata" chai ilinimwagikia mapajani.

Mdogo wangu, maneno hayo hayo, neno kwa neno, niliambiwa mimi mwaka 2014. Sijui wanafundishwa chuo gani hawa.

Hilo bomba halikuwekwa na Wafaransa kwa urembo. Kwenye gari nyingi za kusukumwa na magurudumu ya nyuma, propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka wazi, ukiinama unaiona. Kwenye 504 huioni. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti, mbele kwenye giaboksi na nyuma kwenye difu, lile sanduku la gia linalogawia nguvu magurudumu ya nyuma. Injini, giaboksi, bomba na difu ni mwili mmoja kuanzia pua hadi mkia. Unapokanyaga mafuta, difu inataka kujipindua, iinue pua yake juu. Kinachoikatalia ni hilo bomba. Ukilikata, difu imebaki yatima.

Na yako ni station wagon, balaa zaidi. Ekseli yako ya nyuma ni moja nzima, imekalia springi za koili. Springi ya koili inabeba tu, haishiki. Si kama majani ya springi ya Hilux, yanayobeba na kushika kwa pamoja. Fundi wako ameizoea Hilux, akaona kila gari ni Hilux. Muulize hivi: nikishalikata bomba, nini kitaishika ekseli isizunguke mahali pake? Ukimwona anakuna kichwa, chukua funguo zako uondoke. Akikwambia "itakaa tu", ondoka mbio.

"Itakaa tu." Laiti ningelipwa shilingi kwa kila mara nilipolisikia neno hilo.

Yangu mimi ilikuwa 504 ya saluni, ile ya buti, petroli ya 1971 cc. Injini nzima, haina ila, ila inakunywa kama harusi. Nikataka dizeli. Mtandaoni bwana mmoja mjuaji, aliyekuwa akiandika kwa herufi kubwa tupu, akasema Toyota 2L ya 2446 cc inaingia kwenye 504 "kama mkono kwenye glavu". Baadaye sana nikagundua hakuwahi kumiliki gari. Alikuwa na pikipiki! Nikampata na fundi Mombasa, jina lake nimeliweka kwenye dua zangu za usiku, zile zisizo nzuri. Injini na giaboksi 140,000. Kazi 45,000. Nikalipa yote kabla ya mtu yeyote kufungua boneti, mimi na akili zangu.

Siku nakwenda kulichukua, kitu cha kwanza nilichoona ni bomba langu limelala nje ukutani, limekatwa vipande viwili, kuku amekaa juu yake. Ningegeuka hapo hapo ningeokoa nusu ya pesa. Sikugeuka. Injini iliwaka, sauti tamu ya dizeli, nikasahau kuku.

Tatizo lilianza kwenye kilomita 70 kwa saa. Gari lilitetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani lori moja la nyuma yangu nikaliona malori mawili. Fundi kwenye simu: "Balansi ya magurudumu." Nikafanya balansi. "Tairi." Nikanunua tairi. Kumbe propela ya wazi ina maungio mbele na nyuma, na pembe za maungio hayo lazima zilingane, moja ikijibu nyingine. Zisipolingana shafti haizunguki sawasawa, inakwenda kwa mishtuko. Yangu mbele ilikuwa imenyooka, nyuma imeinama, na kila nikikanyaga mafuta pua ya difu inapanda, pembe inazidi kuharibika. Ungebalansi hadi kiyama.

Breki nazo. Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe na huo mvuto ndio unaosaidia mguu wako kwenye breki. Dizeli haina mvuto huo. Kwenye 2L kuna pampu ndogo nyuma ya alteneta inayofanya kazi hiyo. Fundi wangu alteneta ya Toyota aliiona mbovu, akaweka nyingine isiyo na pampu. Pedali ikawa kama kukanyaga gogo. Nikamwuliza, akasema dizeli ndivyo zilivyo, nitazoea. Nikazoea! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilizoea.

Sasa sikiliza. Tunarudi harusini Kilifi, usiku, mimi, mke wangu, na mama mkwe nyuma. Tumepita Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke upande mmoja, giza la kukata kwa kisu. Tuta. Napunguza, navuka, nakanyaga mafuta niondoke. Nikasikia mlio kama sufuria limeangushwa, halafu kishindo, halafu kishindo, halafu kishindo. Ungio la nyuma limekatika, propela imebaki imening'inia upande mmoja na bado inazunguka, inapiga sakafu kwa nyundo. Ikakata bomba la mafuta ya breki. Ikatoboa bati. Tundu lenyewe lilikuwa la ukubwa wa kisahani cha kahawa, shubiri moja kutoka viatu vya mama mkwe. Shukuru Mungu ni ungio la nyuma lililokatika. Lingekatika la mbele, shafti ingeanguka ikachoma lami na gari likapanda juu yake kama mruka kwa upondo.

Handibreki ndiyo iliyotusimamisha. Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe akakitazama kile kitundu, akaitazama lami chini yake, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, hili gari ulilinunua likiwa zima?"

Tulivutwa kwa kamba na lori la nazi hadi Malindi. Wiki nzima ile mke wangu alivaa leso moja tu, imeandikwa "Haraka haraka haina baraka". Sikuuliza kitu.

Ungedhani nilijifunza. Haya, cheka sasa. Nikaamua kulirudisha gari lilivyokuwa, nikatafuta bomba jingine. Nikalipata, zima, zuri, mwenye nalo anataka 18,000. Nikalipa, nikalibeba juu ya matatu kama maiti. Kufika chini ya gari, refu. Kwa nini? Limetoka kwenye station wagon. Saluni ya 504 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2740, station wagon ni 2900. Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwangu siku nzima. Mfukoni!

Kilichonifedhehesha zaidi ni hiki, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayeunga modeli. Miezi ile ile, usiku, mezani kwangu, nilikuwa naunga modeli ya plastiki ya gari la Nissan Fairlady 240ZG, mizani ya 1/24, kitu cha urefu wa shubiri. Kila kipande nilikiweka kikavu kwanza. Bila gundi. Nakishika kwa tepu ya wapaka rangi, nashusha bodi juu ya chesisi, nazungusha gurudumu nione haligusi tao, nakitoa, nakipiga msasa kidogo, nakirudisha. Mara nne, mara tano. Kwa sababu gundi ile ya majimaji hainati tu, inayeyusha plastiki ikawa kitu kimoja; ukikosea hubandui, unavunja. Basi plastiki ya kuchezea nilikuwa naifanyia adabu hiyo, na gari linalobeba watu wangu nikamwachia mtu na grainda.

Kavu kwanza. Hiyo ndiyo sheria yangu na sina nyingine. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea, hakuna kulipa, mpaka kila kitu kimekaa mahali pake kikavu na boneti imefungwa na usukani umezungushwa kulia na kushoto hadi mwisho.

Utasema utawekaje injini kavu na hujainunua. Nitakwambia tulivyofanya. Rafiki yangu wa Mambrui alitaka kutia hiyo hiyo 2L kwenye Land Rover Series III yake. Nikamkataza kununua hata bolti. Tukaenda kwa muuza injini na futi, tukapima urefu, upana, kimo, mauntingi za kuishikilia injini ziko wapi, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imening'inia mbele au nyuma. Kulikuwa na seremala wa Lamu, mchonga milango, amekuja Malindi kwa kazi ya nyumba moja ya Casuarina. Tukampa vipimo, akatupigia injini ya mbao za makasha kwa 2,500. Alitaka kuichonga maua, tukamzuia. Tukaishusha ndani ya Land Rover na kamba ya katani, watu wawili, kama mtoto kwenye susu. Chini ya dakika moja tukaona: tumbo la sampu linakaa juu ya ekseli ya mbele. Springi zikibonyea kwenye shimo la kwanza tu, ekseli inapanda inapasua sampu. Akarudi kwa muuzaji akiuliza sampu ya tumbo la nyuma, na mpaka leo gari linakwenda shamba na kurudi. 2,500! Mimi jumla yangu, pamoja na kuvutwa, bati, tairi za bure na bomba refu, ilipita laki tatu.

Kwa 504 yako hata mbao huhitaji. Tafuta mzoga wa 504 ya dizeli, ile ya 2304 cc, na iwe station wagon kama yako, si saluni (nimeshakwambia kwa nini). Chukua injini na giaboksi yake, na bomba likiwa bado limefungwa, vyote kwa pamoja, na uvipime palepale vikiwa chini ya mti. Hiyo ndiyo niliyoifanya mwishowe, mzoga wangu niliutoa Mariakani, na gari linakwenda. Polepole, sikudanganyi. Ukipanda daraja la Sabaki na mzigo utapitwa na tuktuk. Lakini mama mkwe amelipanda tena, na anakaa kiti cha nyuma, mahali pale pale.

Na yule atakayekuja hapa chini kukwambia 504 haina nguvu bila Toyota, mkumbushe kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na 504, na bomba lake lilikuwa mahali pake. Afadhali uulize na yeye ana gari au pikipiki.

Rangi, ndiyo, uliuliza rangi. Usipulize laka siku ya mvua wala alfajiri. Unyevu wetu huu wa pwani unaipa ukungu mweupe juu. Ngoja jua la saa sita, chumba kikavu. Mengine uliyouliza wenzangu watakujibu, mimi hata nikirudi juu kusoma macho yanakwenda kwenye lile neno "tunalikata".

Umesema fundi anakuja Jumamosi. Kabla ya hapo lala chini ya gari na futi, pima kutoka uso wa giaboksi hadi uso wa difu, piga picha namba za futi zionekane, uiweke hapa. Na grainda ifungie chumbani kwa bibi.