"Tall" au "high"? Tatizo ni -refu yetu

Umeuliza kwa nini "a high man" imekatwa kama kosa la Kiingereza huku "a high mountain" ikipita, wakati sisi tunasema mtu mrefu na mlima mrefu. Ni kwa sababu -refu yetu inabeba mizigo mingi. Kamba ndefu kwa Kiingereza ni "long", kisima kirefu ni "deep", hizo hazisumbui. Utata uko kwenye vitu vilivyosimama.

"Tall" ni kimo cha kitu chenyewe, hasa kitu ambacho wembamba wake unaonekana: mtu, twiga, mnara, glasi. "High" ni umbali wa kitu, au wa kilele chake, kutoka chini. Chukua mnazi. Mnazi ni "tall"; madafu yake ni "high", ingawa dafu lenyewe ukiliweka chini halifiki gotini. Tena, "a tall window" ni dirisha refu, pengine linaanzia sakafuni, ila "a high window" laweza kuwa kijidirisha cha choo karibu na dari.

Ukuta ndio unaowachanganya wengi: umeota chini kama mti, lakini kwa kawaida ni "high", kwa kuwa umetanda. Ukikwama, fikiria kinyume chake, yaani ufupi. Kinyume cha "tall" ni "short", cha "high" ni "low". Ukuta mfupi wa kurukika ni "a low wall". Ukisema "short wall" msikilizaji anaweza kudhani hauendi mbali. Mtu mfupi ni "short", hawi "low" kwa kimo. Majengo hukubali yote mawili, ila "tall" ndiyo salama.

Kwenye vipimo pia: mtoto ni "90 centimetres tall", meza ni "75 centimetres high".

Milima huitwa "high" kwa sababu tunaipima kutoka usawa wa bahari, kama Kilimanjaro na mita zake 5,895. Wajuzi wa jiografia huitumia tofauti hii kwa makusudi: Everest, mita 8,849, ni "highest", lakini Mauna Kea ya Hawaii, yenye mita 4,207 tu juu ya bahari, huitwa "tallest", maana ukiipima kuanzia kitako chake kilichozama baharini inapita mita 10,000.

Bei, homa na mwendo ni "high" tu. Na tafadhali, usimsifie mtu kimo kwa "he is high". Umesema amevuta bangi.