Meli kuukuu ya redio: anza na chuma na nanga

Ndugu, umeuliza kama meli ya miaka hamsini inaweza kubeba redio ya baharini kama zile za "maharamia" wa Uingereza, yaani vituo vilivyotangaza bila leseni kutoka melini. Umri peke yake usikutishe. Mi Amigo, meli ya Radio Caroline, kimojawapo cha vituo hivyo, iliundwa 1921, ikarusha matangazo hadi Machi 1980: dhoruba ilivuma, meli ikapoteza nanga, ikapigwa kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa mto Thames, maji yakazidi pampu. Mabaharia waliokolewa, mlingoti ukabaki umechomoza baharini miaka kadhaa.

Kwa hiyo mwite fundi apime unene wa chuma chini ya mstari wa maji. Rangi mpya huficha mengi! Kagua pete za mnyororo moja moja, maana meli ya redio haisafiri, inavutana na mnyororo huo usiku na mchana. Muuzaji akikataa meli ipandishwe chelezoni, nje ya maji, ikaguliwe, achana naye.