Muulize Ba'mdogo: Niweke dola 550 kwenye mechi ya bakuli?

*Shikamoo Ba'mdogo. Nina miaka 24, napakia mizigo kwenye ghala moja hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku. Msimu huu nimefuatilia futiboli ya vyuo vya Kimarekani kila Jumamosi, na timu yangu imepata mechi ya bakuli, ile ya mwaliko ya kufunga msimu, baada ya Krismasi. Imeshinda mechi 10, wapinzani wao 7. Kwenye kubeti imewekwa -7.5, yaani mkeka unalipa ikishinda kwa pointi 8 au zaidi. Nataka kuweka dola 550 nipate faida ya 500. Hela ninayo, ila ni ada ya mdogo wangu Kigoma. Nitairudisha kabla shule hazijafunguliwa Januari. Unaonaje?*
*Mpakiaji*

Marahaba, mwanangu. Majina ya timu nimeyatoa, nisije nikaonekana napigia debe.

Umenipa rekodi ya msimu mzima kana kwamba walioshinda hizo mechi 10 ndio watakaoshuka uwanjani. Bakuli lisilo la mchujo wa ubingwa halina kitu kikubwa mbele yake, na kijana anayesubiri kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwezi wa nne analionea huruma goti lake. Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti kwenye Fiesta Bowl, Januari 1, 2016, akaporomoka mpaka raundi ya pili. Desemba ya mwaka huohuo Leonard Fournette na Christian McCaffrey wakasema bakuli hawachezi, na wote wawili wakachukuliwa ndani ya kumi wa kwanza. Wenzao wakaona kumbe inawezekana.

Mimi somo hili nimelilipia. Desemba 30, 2023, Orange Bowl, Florida State na Georgia. Florida State walikuwa wameshinda 13 bila kufungwa, wakanyimwa nafasi ya mchujo. Nikajipigia hesabu kwamba watakuja na hasira. Nikaweka dola 220 mapema kwa upande wao, nimepewa pointi zaidi ya kumi, yaani hata wakifungwa kwa chini ya hizo mimi nashinda, najiona mjanja. Kumbe hasira wameimalizia kwa kutocheza: wachezaji zaidi ya 20 hawakuwepo. Kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis alivunjika mguu Novemba, msaidizi wake akaingia soko la uhamisho, akaanzishwa kijana wa mwaka wa kwanza. Mpaka mapumziko ni 42 kwa 3. Mke wangu akauliza mbona pilau sili, nikamwambia nyama ngumu. Nyama ilikuwa laini kabisa. Ikaisha 63 kwa 3.

Kwa hiyo usiniambie 10 kwa 7. Niambie kwotabeki yupo? Wale watano wanaomkinga mbele ni walewale? Kocha mkuu bado ni wao, au keshachukuliwa na chuo kingine, timu anaishika msaidizi? Na ujue habari hizo zikifika kwenye simu yako, wenye kubetisha wameshasogeza pointi zamani.

Halafu hiyo nusu. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ni 6, na mkwaju wake wa nyongeza 1, jumla 7; mkwaju wa kawaida golini ni 3. Ndiyo maana mechi nyingi huachana kwa 7 au 3. Timu yako ikishinda kwa 7 kamili utashangilia mtaani huku mkeka umechanika. Ingekuwa -7, ungerudishiwa hela yako. Mimi -7.5 siigusi, hata timu iwe ya mjomba.

Bei nayo: unatoa 550 kutafuta 500. Yaani ukibeti mara 21 kwa kiasi hicho, ukapatia 11 na kukosea 10, unabaki palepale ulipoanza. Ni watu wachache sana niwajuao wanaopatia 11 kwa 21 msimu mzima, na hao hawakopi ada.

Ukitaka kunogesha mechi, subiri siku yenyewe, orodha ya wanaokosekana itoke, uweke dola 20 za mfukoni mwako, na iwe 7 au chini yake. Ikibaki 7.5, kula njugu utazame bure. Na kama hiyo "nitairudisha" umeshawahi kuisema mwaka huu, piga 1-800-GAMBLER, simu ya msaada kwa walionaswa na kamari, kabla hujaniandikia tena.

Ada itume kesho asubuhi ukitoka zamu, kabla hujalala, maana ukiamka jioni utakuta rafiki yako wa ghalani ameshakutumia mkeka mwingine.