Skripti ya kusakinisha programu inaganda ikifika ya tatu

Habari ndugu. Umesema faili lako la .bat (faili la amri za Windows) linasakinisha programu mbili vizuri, likifika ya tatu linaganda bila kuonyesha kosa, na zote umeziwekea /s ili zijisakinishe kimya, bila kuuliza kitu.

Anza na hiyo s. Kisakinishi kilichotengenezwa kwa NSIS, programu ya kutengenezea visakinishi, kinataka /S, herufi kubwa. Ukiweka ndogo kinaipuuza, kinafungua dirisha la kawaida na kusubiri mtu abofye. Mimi nilipoteza jioni nzima hapo, kumbe dirisha lenyewe limejificha nyuma ya lingine! Kilichotengenezwa kwa Inno Setup, programu nyingine kama hiyo, kinataka /VERYSILENT, na faili la .msi (kisakinishi cha Windows Installer) liite hivi: msiexec /i jina.msi /qn /norestart. Skripti iendeshe kama msimamizi, la sivyo Windows itakuomba ruhusa mara kwa mara.

Mimi siku hizi .bat nimeziacha, natumia winget, zana ya Windows ya kusakinisha programu kwa amri. Kwenye kompyuta iliyokwisha kupangwa naandika winget export -o orodha.json kuhifadhi orodha ya programu zilizopo, kwenye mpya winget import -i orodha.json kuzisakinisha, pamoja na --accept-package-agreements na --accept-source-agreements isije ikasimama kuuliza masharti. Soma maonyo wakati wa export: programu ambazo winget haizipati hazitaingia kwenye orodha, hizo utaziweka kwa mkono.

Ikigoma bado, taja jina la hiyo ya tatu. Kuna visakinishi visivyo na njia ya kimya kabisa.