Nami nilipiga mluzi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii nimelisoma mara mbili: mwongozaji akiichukua opera ya kale, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, akaivalisha nguo za leo mpaka watazamaji wakamzomea, nani mwenye kosa, yeye au wao? Mmetaja Bayreuth, Ujerumani, ambako watu wazima waliovaa suti huzomea kama watoto wa shule. Jibu langu linatoka Magomeni, Mtwara, na mimi si msomi wa muziki. Nina kibanda umiza, cha kuonyesha mechi na muvi. Lakini kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya watazamaji na kuwasikiliza, na opera hiyohiyo mnayoisema, ile iitwayo Pete, nimewahi kuionyesha. Kiingilio mia tano.

Haikuwa mpango. Usiku mmoja wa Februari mvua ilishuka katikati ya mechi ya Ulaya, king'amuzi kikaanza kukwama kwama, kisha skrini ikawa nyeusi. Watu thelathini na kitu wameshalipa, hakuna anayetaka kutoka kwenye mvua, na hakuna mwenye kibanda anayefurahia kurudisha mia tano moja moja. Chini ya meza nilikuwa na kasha la DVD aliloniachia mzee mmoja wa Kijerumani niliyemtengenezea deki. Alimpenda Richard Wagner, mtunzi wa opera hiyo, kiasi cha kunisimulia hadithi nzima jioni mbili mfululizo huku mimi nachomelea waya. Nikatia diski ya kwanza, nikashika maikrofoni, nikawa DJ wa kutafsiri kama wale wa muvi za Kikorea. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa chini ya skrini, maneno ya mzee yalikuwa kichwani, na palipokosekana vyote nilijaziliza.

Kwa wasioijua: Wagner alihangaika na kazi hiyo ya Pete kwa miaka 26, ikawa opera nne, na mwaka 1876 zikachezwa zote kwa mfululizo katika jumba alilolijenga mwenyewe hapo Bayreuth. Miaka 100 baadaye, 1976, waliosimamia jumba hilo wakamkabidhi Mfaransa wa miaka 31, Patrice Chéreau. Mto Rhine, ambao Wajerumani wanauona kama sisi tunavyouona Ruvuma na zaidi, yeye akaugeuza bwawa la kuzalisha umeme. Miungu akaivisha makoti ya matajiri wa enzi za viwanda. Ukumbi ukachafuka, watu wakapuliza filimbi, wakatukanana wao kwa wao. Onyesho likarudiwa kila mwaka hadi 1980, na siku ya kulifunga makofi yalidumu zaidi ya saa nzima. Rekodi niliyokuwa nayo ni ya onyesho hilohilo.

Basi picha inafunguka na bwawa linaonekana. Wasichana watatu walinzi wa dhahabu wanarukaruka hapo, mbilikimo anawatongoza, wanamcheka. Pale ndipo Wajerumani walipoanza kuchemka. Kwangu hakuna aliyeshtuka. Wangeshtuka kwa lipi? Hakuna aliyejua mto ule ulitakiwa uweje jukwaani. Waliona bwawa, wakalikubali bwawa, wakaanza kumcheka mbilikimo.

Kelele zilikuja mahali pengine kabisa. Mungu mkuu, Wotan, amejengewa ngome na majitu mawili, na malipo aliyoahidi ni shemeji yake, Freia. Kazi imekwisha, mafundi wanadai chao, bwana mkubwa anaanza kuzungukazunguka. Saidia fundi mmoja wa Chuno akasimama juu ya benchi: “Lipa watu wewe!” Kibanda kizima kikamwitikia. Kila Wotan alipofungua kinywa kuimba, naye anaimba kwa sauti nzito ya kupendeza, watu walimzomea asisikike. Sijawahi kuona mtu akizomewa hivyo kwangu, isipokuwa waamuzi wachache.

Jambo jingine dogo. Chéreau aliwakuza majitu hao kwa kuwakalisha waimbaji mabegani mwa watu wenye nguvu, nguo ikawafunika wote wawili wakawa mtu mmoja mrefu wa kutisha. Kijana mmoja mbele akapaza sauti, “Chini pale kuna mtu!” Kaka yake akamchapa kofi la mgongo: “Kaa kimya, unaharibu.” Nitalirudia hilo.

Das Rheingold, ndiyo opera ya kwanza kati ya zile nne, huchukua saa mbili na nusu bila mapumziko, na waliobaki mpaka mwisho walikuwa kama kumi na wanane, mvua ikisaidia. Mwishoni miungu wanapanda kwenda kwenye ngome yao mpya, na kule chini wale wasichana wanalilia dhahabu yao iliyochukuliwa. Kibanda kilikuwa kimya. Ndipo sauti ikatoka benchi la nyuma: “Kha! Si gesi hii?”

Tulicheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Gesi ya Mnazi Bay, hapa kwetu Mtwara, iligunduliwa 1982. Lilipokuja suala la kuisafirisha kwa bomba la karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam, mji huu uliwaka, na siku mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni. Wapo waliokufa. Kila aliyekuwa kwenye mabenchi yale ana la kwake kuhusu siku ile, nami sitaligeuza kuwa simulizi ya gazeti. Nasema tarehe tu, kwa sababu yule mzee wangu alinionyesha kitu nyuma ya kasha: Wagner alizaliwa 22 Mei 1813. Siku tuliyokuwa tumejifungia ndani, kwao ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwake, miaka 200 kamili.

Na Julai ya mwaka huohuo, hapo Bayreuth, mwongozaji Frank Castorf akaitoa Pete ambayo dhahabu yake ni mafuta. Sehemu ya kwanza ikachezwa kwenye moteli yenye kituo cha petroli huko Marekani, ya pili ikapelekwa Baku, Azerbaijan, kwenye visima. Opera ya nne ilipokwisha Castorf akatoka mbele ya pazia, akazomewa zaidi ya dakika kumi, naye akawa amesimama tu anawatazama. Mtu wa benchi langu la nyuma, asiyejua hata kulitamka jina la Wagner, alikuwa amelifikia wazo hilohilo usiku wa mvua, bila mwongozaji kumsaidia.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa na jibu tayari, na lilinipendeza sana: Wajerumani wanazomea kwa sababu wanapenda pazia kuliko hadithi. Ningewaandikia hivyo, mhariri, nikaishia hapo. Lakini mwaka juzi nilikwenda nyumbani upande wa Tandahimba.

Ilikuwa baada ya jando, watoto wametoka, mapiko yanachezwa. Msomaji wa mbali ajue kwamba lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwani, na yule anayecheza amefungwa vitambaa mwili mzima asionekane hata kidole. Kwa wanawake na wasiopita jandoni lipiko si mtu. Ni kitu kilichotoka huko kilikotoka, na kikija wanakimbia. Siri hiyo ndiyo yenyewe. Nilipofundishwa nilifundishwa pamoja na kitisho cha yatakayompata mwenye kuisema, na ninavyoiandika hapa najua vitabu vimeshaiandika siku nyingi, ila mkono bado mzito.

Sasa usidhani mapiko ni kitu kilichogandishwa. Wachongaji wamekuwa wakiongeza sura mpya tangu zamani: Mzungu mwenye kofia, Mhindi, askari, mwanamke mrembo, shetani mwenye pembe. Kuna wakati nililiona lenye miwani ya jua. Hakuna aliyelalamika, tulishangilia. Kwa hiyo kubadilisha si kosa kwetu, na mtu asije akaniambia mimi ni mzee wa kukataa mapya.

Siku hiyo kulikuwa na kikundi cha vijana kilichoongozwa na mmoja aliyesomea sanaa mjini. Lipiko lao likatoka vizuri, njuga zinalia, ngoma zinalijibu, watoto wanatawanyika. Katikati, ngoma zikakatwa ghafla. Lipiko likakaa chini kwenye kiti cha plastiki. Likainua mikono miwili, likashika kichwa chake, likakivua.

Chini yake kijana wa miaka ishirini hivi, jasho tupu. Mtoto wa jirani. Akakiweka kinyago magotini, akatoa simu, akaanza kusoma kwa sauti ujumbe wa malipo ya korosho ambayo yalikuwa hayajaingia.

Kama ingekuwa mchezo wa watu wengine ningeliona jambo hilo papo hapo: kwamba jini la kutisha la kijiji ni mkulima anayesubiri pesa yake, kama yale majitu ya Wotan. Lilikuwa wazo zuri. Leo naliona zuri. Siku ile nilitia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi mpaka masikio yangu mwenyewe yakauma. Wazee walisimama. Mjomba wangu akarusha fimbo, ikapita kando ya kiti. Wengine wakamfuata mwongozaji, naye akapanda bodaboda akapotea. Hapa simsifu: ukishawavua watu kitu mbele ya watoto wao, kaa uwasikilize. Castorf alikaa.

Pembeni yangu shangazi alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Nikamuuliza kwa ukali anacheka nini, hii ni aibu, siri imetoka.

“Siri gani, baba?” akaniambia. “Yule mguu wake wa kushoto anavyoutupa, namjua tangu anatambaa. Sisi tunakimbia kwa adabu tu.”

Ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa kibandani na kofi lake la mgongo. Alichosema kilikuwa kweli na kila mtu alikuwa anakiona. Kofi lilikuwa la kukisema.

Kwa hiyo jibu langu, mhariri, kwa kuwa mmetaka mwenye kosa atajwe: simwoni. Wangu hawakulizomea bwawa kwa sababu Rhine si mto wao. Mimi nilizomea kwa sababu lipiko ni langu, na yule Mjerumani aliyepuliza filimbi 1976 namwelewa leo kuliko nilivyomwelewa nikiwa na maikrofoni mkononi. Ninayemlaumu kidogo ni anayetoka dakika ya kumi. Huyo hajui hata amekataa nini. Mimi nilibaki mpaka mwisho, huku napiga mluzi.

Wiki mbili baadaye mjomba alikuja mjini kwa matibabu akafikia kwangu. Usiku, wateja wameondoka, akauliza kama kuna aliyerekodi. Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaiunganisha kwenye skrini kubwa, nikafunga mlango. Aliangalia kwa makini, akasifia ngoma, akasifia miguu ya mchezaji. Lipiko lilipokaa kwenye kiti na kuinua mikono, akaniambia, “Simamisha hapo.” Nikasimamisha. Akaomba nirudishe mwanzo. Tuliirudia mara tatu, na mara zote tatu aliniambia nisimamishe palepale, mikono ikiwa hewani.